Utepe Kwenye Daftari la London

Sijui kushona hata kifungo, lakini video za watu wanaoshona upya magauni ya Uingereza ya karne ya 18 naweza kuzitazama mpaka usiku wa manane. Wanashona kwa mkono, wanahangaika kutafuta kitani chenyewe. Halafu mtu akishavaa anaacha kichwa wazi na kifua wazi, basi, kazi yote imeharibika. Mwanamke wa kawaida wa enzi hizo alivaa kofia nyepesi ya kitani, akajitanda kitambaa mabegani na kuchomeka ncha zake kifuani. Bila hivyo ni vazi la sinema tu.

Gauni lenyewe mara nyingi lilifungwa mbele kwa pini. Mifuko nayo haikushonewa kwenye gauni. Ilifungwa kiunoni kwa kamba, ikakaa juu ya shimizi na chini ya gagulo, na mkono uliifikia kupitia mpasuo wa pembeni. Kisheria mali ya mke ilikuwa ya mume, lakini kilichotiwa humo, funguo, mkasi, sarafu mbili tatu, kilikuwa kibindoni mwake. Wezi walilijua hilo: kumbukumbu za mahakama ya Old Bailey zina kesi nyingi za mifuko hii kuibwa.

Ila mimi nimekwama kwenye tepe. Nguo za malkia tunazijua kwa sababu alichorwa. Nguo za maskini zilivaliwa mpaka zikawa matambara, sasa tutajuaje mjakazi alijipamba vipi? Jibu liko Foundling Hospital ya London, ambayo licha ya jina lake ilikuwa nyumba ya kulelea watoto walioachwa. Ilianza kupokea watoto mwaka 1741. Mama alipomwacha mtoto, kipande cha kitambaa kilibanwa kwa pini kwenye karatasi ya usajili, ili siku akirudi mwanawe atambulike. Vimebaki vipande kama 5,000: flana, pamba iliyochapwa maua, mikono ya nguo za watoto, na tepe kibao. Na ni za rangi! Nyekundu, buluu, njano. Kwa hiyo anayemvalisha mwanamke maskini wa 1750 kijivu kuanzia kichwani hadi miguuni, eti kwa sababu ni maskini, hajayaona madaftari yale. Utepe ulikuwa pambo ambalo hata mtumishi wa ndani aliweza kulinunua, akalizungushia kofia yake.

Na ndilo alilokuwa nalo la kumwachia mwanawe. Mwaka 1767, Sarah Bender alimpeleka mtoto wake wa kiume hapo pamoja na kitambaa cha viraka kilichodariziwa moyo. Kilikatwa katikati, nusu ikabaki na karatasi za mtoto. Mwaka 1775 Sarah alirudi, akamchukua.