Istilahi na Asili Yake: Mfano wa Sydney Brenner

Mfasiri wa vitabu vya sayansi akikutana na neno la Kiingereza 'amber' katika sura ya elimu ya urithi, huenda akaiona kazi yake kuwa nyepesi. Pwani yetu imelijua neno ambari tangu kale, na maneno haya mawili yana asili moja katika Kiarabu. Lakini ambari ni manukato yatokanayo na nyangumi, ilhali 'amber' ya Kiingereza cha sasa ni utomvu wa miti uliokauka ukawa kama jiwe, nao kwa Kiswahili huitwa kaharabu. Akiandika kaharabu atakuwa amepata neno, ila bado hajapata sababu yake. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba istilahi haifasiriki vema mpaka historia yake ijulikane. Mfano wetu ni kazi za Sydney Brenner, mmoja wa waasisi wa biolojia ya molekuli.

Brenner alizaliwa mwaka 1927 katika mji wa Germiston, Afrika Kusini. Baba yake alikuwa fundi viatu aliyehamia huko kutoka Lithuania, wala hakujua kusoma na kuandika. Mtoto alifundishwa kusoma na jirani, na mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 15, aliingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Baadaye alikwenda Oxford kwa masomo ya shahada ya udaktari. Mwezi Aprili 1953 alisafiri kwa gari hadi Cambridge kutazama kielelezo cha DNA kilichoundwa na James Watson na Francis Crick. Alipopata kazi Cambridge miaka michache baadaye, yeye na Crick walitumia chumba kimoja cha kazi kwa muda wa miaka 20 hivi.

Swali kubwa la wakati ule lilikuwa hili: ikiwa maelezo ya urithi yamo katika DNA, na protini hutengenezwa katika ribosomu, maelezo hayo hufikaje huko? Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1960, Brenner, Crick na François Jacob wa Paris walikuwa wakizungumza na wenzao huko Cambridge, ndipo jibu likawadhihirikia: ipo RNA ya muda mfupi ichukuayo maelezo kutoka katika DNA na kuyapeleka kwenye ribosomu. Mwaka huo huo Brenner na Jacob walikwenda California kulithibitisha jambo hilo pamoja na Matthew Meselson. Mwanzoni majaribio hayakufaulu, kwani ribosomu zilivunjika kila mara, hadi Brenner alipotambua kwamba magnesi iliyotumika ilikuwa haba. Taarifa yao ilichapishwa katika jarida la Nature, Mei 1961.

Jina lililoshika katika lugha za Ulaya lilitolewa na Jacob na Jacques Monod mwaka huo huo, nalo maana yake ni mpeleka habari. Kwa Kiswahili wengi wangechagua 'mjumbe', na kosa lake si kubwa. Hata hivyo, mjumbe wetu hukaa barazani, hutoa rai, na pengine hupiga kura. RNA hii haina rai. Huchukua waraka kutoka ofisi moja hadi nyingine bila kuongeza neno, na kazi ikiisha huondoka. Watumishi wa serikali wanamjua mtu wa namna hiyo: ni tarishi. Kwa hiyo tunaona 'RNA tarishi' ni istilahi iliyo karibu zaidi na maana.

Mwishoni mwa mwaka 1961, Crick, Brenner na wenzao wawili, Leslie Barnett na Richard Watts-Tobin, walichapisha ushahidi kwamba maelezo ya urithi husomwa kwa mafungu ya herufi tatu tatu. Fungu moja la herufi tatu Brenner aliliita 'codon'. Neno hili liliundwa makusudi kwa kazi hii moja, wala halina sitiari ndani yake inayoweza kuhamishiwa katika lugha nyingine. Hapa hatuna budi kutohoa na kusema kodoni.

Kodoni ziko 64. Kati ya hizo 61 hutaja asidi amino, na 3 hutaja mwisho wa protini. Ya kwanza kati ya hizo tatu, yenye herufi UAG, ndiyo iliyopewa jina la 'amber'. Huko Pasadena, Richard Epstein na Charles Steinberg walikuwa wakitafuta mabadiliko fulani ya jeni katika virusi vinavyoshambulia bakteria. Walimwahidi mwanafunzi Harris Bernstein kwamba, akiwasaidia na mabadiliko hayo yakipatikana, yatapewa jina lake. Neno bernstein kwa Kijerumani ni kaharabu. Wao wakalifasiri kwa Kiingereza. Brenner na wenzake walipozichunguza kodoni za kukomesha katika miaka ya 1960, mzaha ule uliendelezwa: UAA ikaitwa kwa jina la udongo wa rangi, na UGA kwa jina la jiwe la opali.

Sasa mfasiri anaweza kuamua kwa hoja. 'Ambari' ni kosa, kwa kuwa inakata uzi unaofika kwa Bernstein. 'Kaharabu' ni sahihi, kwa kuwa inalifasiri jina lile lile. Na kwa udongo wa rangi hatuhitaji kukopa, kwani mafundi seremala wanaijua ngeu wapigiayo mistari. Basi kaharabu, ngeu na opali. Zaidi ya hayo, zilizoea kuitwa kodoni 'zisizo na maana', lakini katika kichwa cha taarifa yao ya mwaka 1965 Brenner na wenzake waliliweka neno hilo ndani ya alama za kunukuu, kwani zina maana yake: koma hapa. Mwalimu atasema 'kodoni komeshi', na mwanafunzi ataelewa.

Mwaka 1963 Brenner alimwandikia Max Perutz, mkuu wake, kwamba ingefaa sasa kugeukia ukuaji wa viumbe na mfumo wa neva. Alichagua mnyoo wa udongoni, Caenorhabditis elegans, wenye urefu wa milimita moja hivi na mwili unaopenya nuru. Taarifa kuu ya kwanza ilitoka mwaka 1974, miaka 11 baada ya barua ile, ikieleza mabadiliko yapatayo 300 katika jeni zipatazo 100. John Sulston na wenzake walifuatilia seli za mnyoo huo moja baada ya moja na kuona kwamba, kwa mnyoo wa jinsia mbili, huzaliwa seli 1,090 za mwili, na kati ya hizo 131 hufa kwa mpango maalumu, zikabaki 959. Robert Horvitz akazitafuta jeni zinazoamuru kufa huko. Mwaka 2002 watatu hao walitunukiwa Nishani ya Nobel.

Kufa huko kunahusishwa na istilahi ambayo John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie waliitoa mwaka 1972 kwa shauri la James Cormack, mwalimu wa Kigiriki huko Aberdeen: 'apoptosis', yaani kuanguka kwa majani au maua. Wengine wameridhika na 'apoptosisi'. Lakini Kiswahili kina neno lake tangu zamani. Mbuyu hupukutika wakati wa kiangazi, nao haufi, hujihifadhi. Neno 'mpukutiko wa seli' linabeba sura ile ile waliyoikusudia waasisi wake.

Siku hizi athari ya mtaalamu hupimwa kwa kuhesabu ni mara ngapi taarifa zake zimerejelewa na wengine, kwa njia iliyoenezwa na Eugene Garfield huko Philadelphia kwa faharasa yake ya mwaka 1964. Kipimo hicho kina faida yake. Hata hivyo, katika miaka ile 11 ya kumwandaa mnyoo, kingemwonyesha Brenner kama mtu aliyenyamaza. Tena, Robert Merton, mtaalamu wa elimu ya jamii, alionyesha kwamba wazo likienea mno, watu huacha kumtaja aliyelianzisha. Nani leo humrejelea Brenner aandikapo kodoni?

Brenner alifariki Singapore tarehe 5 Aprili 2019. Jina lake halitajwi kila neno lake litumikapo, na hiyo ndiyo dalili kwamba neno limekubalika. Kwa mtunga istilahi wa Kiswahili hali ni hiyo hiyo. Hatarejelewa na mtu. Malipo yake ni mwanafunzi wa sekondari asomaye 'RNA tarishi' na kuelewa kazi yake kabla mwalimu hajaeleza. Na mwanafunzi huyo hatapatikana iwapo tutachagua maneno kwa kufanana kwa sauti tu, bila kuuliza kwanza yalizaliwaje.