Kishikizi, si Kumbukumbu

"Kompyuta ikiwa nzito, punguza mzigo wa kumbukumbu." Sentensi hiyo imo katika kijitabu cha maswali na majibu kwa wenye kompyuta nyumbani, kinachouzwa kwa fotokopi katika steshenari za Ipogolo, pale barabara kuu ya kwenda Zambia inapoachana na njia ya kupanda Iringa mjini. Kijitabu hakina jina la mfasiri. Kina shukrani kwa jopo la wataalamu wa lugha, na jopo lenyewe halikutajwa majina. Nitalijibu hivyo hivyo, bila majina, lakini nitalijibu, maana sentensi hiyo imeleta hasara niliyoiona kwa macho.

Julai, baridi ya Iringa ikiwa imeshika, nilikuwa kwa fundi mmoja wa kompyuta hapo Ipogolo alipoingia mwalimu mstaafu, mashine yake kaifunga kwa kitenge. Fundi, kijana wa rika la kitindamimba wake, alisimama.

"Shikamoo, mwalimu. Bado nzito?"

"Marahaba, mwanangu. Bado. Na kumbukumbu nimeshafuta zote."

"Umefuta nini, mwalimu?"

"Picha. Za sendofu ya binti yetu, za msiba wa baba yao, zote. Si ndivyo kinavyosema?" Akakitoa kijitabu kwenye mkoba, ukurasa ameukunja pembe.

Fundi hakumjibu. Aliifungua mashine, akatazama: diski ya gigabaiti 500, zaidi ya nusu tupu. Kilichokuwa kimeelemewa ni kile kibamba kidogo cha kijani chini ya mfuniko, gigabaiti 4, kinachobeba programu zilizofunguliwa. Picha za mwalimu hazikuwa zimekaa humo hata siku moja. Baadhi alizifufua kwa programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa. Za msiba hazikurudi.

Sasa niambieni mwalimu alikosea wapi. Kiswahili anakijua, amekifundisha. Katika Kiswahili tunachozungumza, picha ndiyo kumbukumbu. Harusini tunaitana tupige picha ya kumbukumbu. Katibu wa kikao husoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Kitabu cha tano cha Biblia kinaitwa Kumbukumbu la Torati. Familia humfanyia marehemu kumbukumbu ya mwaka. Mwalimu aliagizwa apunguze kumbukumbu, akapunguza kumbukumbu. Alitii lugha yake kuliko jopo lilivyoitii.

Neno hili lina uzito ambao haustahili kuchezewa. Kitenzi kukumbuka ni mali ya Kibantu. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, Wachewa nao husema kukumbukira. Kutoka mzizi huo tumepata kumbusha, kumbusho, makumbusho, kumbukizi, na kwa kuurudufu tumepata kumbukumbu. Katika watoto wote hao hakuna hata mmoja anayetaja kitu cha kupita. Wote wanataja kinachobaki baada ya wenyewe kuondoka. Sisi wa Iringa hatuhitaji kamusi kulielewa hilo. Mwendo mfupi kutoka mjini kuna Makumbusho ya Kalenga, linapotunzwa fuvu la Mtwa Mkwawa, lililochukuliwa Ujerumani na kurudishwa mwaka 1954. Mhehe akisikia makumbusho anajua kwamba kitu kimekaa zaidi ya nusu karne ugenini na hakikusahauliwa. Mzizi wa namna hiyo ndio waliokwenda kuubandika kwenye kifaa kinachosahau kila kitu umeme ukikatika.

Na hakisahau umeme ukikatika tu. Robert Dennard wa IBM, aliyepata hataza yake mwaka 1968, alibuni namna ya kutunza kila biti kwa transista moja na kapasita moja ndogo sana. Kapasita hiyo huvuja. Chaji yake isipoandikwa upya, kilichomo kinapotea. Ndiyo maana vibamba vya siku hizi huburudishwa mfululizo, kila seli angalau mara moja katika milisekunde 64 hivi. Chombo kinachohitaji kukumbushwa mara 15 kwa sekunde hakistahili kuitwa kumbukumbu.

Watetezi wa neno hilo hunijibu kwamba ndivyo wasemavyo wenye teknolojia. Nawajibu kwamba hata wenyewe hawakuwa na neno moja. Charles Babbage, alipopanga mtambo wake wa kukokotoa katika miaka ya 1830, aliziita sehemu zake mbili kuu kinu na ghala. Kinuni hesabu inatwangwa, ghalani namba zinangoja. Waingereza waliendelea kusema ghala kwa muda mrefu baada ya hapo. Neno la ubongo lilipata nguvu kutoka kwa John von Neumann, ambaye katika ripoti yake ya mwaka 1945 kuhusu mashine iliyoitwa EDVAC alizifananisha sehemu za kompyuta na neva za binadamu. Hiyo ilikuwa njia yake ya kufikiri, na ilimfaa. Sisi tulikuwa na hiari ya kuchagua kati ya ghala na ubongo, tukachagua bila kutazama.

Kuna jambo jingine ambalo watunga orodha za istilahi hawalitaji, nami naliona ndilo kiini cha mkasa wote. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine za kizazi hicho zilitunza data katika vipete vidogo vya sumaku vilivyotungwa kwenye nyaya. Kipete cha sumaku hakihitaji umeme ili kibaki kilivyo. Zima mashine jioni, iwashe asubuhi, data ipo. Kwa mashine hiyo neno kumbukumbu lingekuwa sawasawa kabisa. Kisha mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na kwa miaka mingi ikawa vigumu kuziona nje ya ofisi chache. Zilipokuja kuenea, vipete vilikwishatupwa duniani kote na kapasita za Dennard zimechukua nafasi. Kifaa kilibadilika wakati sisi hatumo sokoni, na hapakuwa na fundi wala mwalimu wa kupiga kelele kwamba neno limeachwa na kitu chake. Tangu Jambo OpenOffice ilipotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, kazi ya kutia Kiswahili kwenye skrini imekuwa kubwa na ya heshima. Tatizo langu ni hawa waliokuja kuchapa vijitabu kwa pupa, wasiouliza kitu chenyewe kinafanya nini.

Wapo walioona kasoro wakajaribu kuiziba. Wamezidisha. Orodha moja inapendekeza "kumbukumbu ya ufikiaji nasibu". Nasibu ni neno la Kiarabu lenye maana ya fungu au sehemu aliyopangiwa mtu, na kwetu limekaa katika bahati nasibu. Wanatakwimu wanalitumia kwa sampuli, nao wana haki, kwa sababu sampuli kweli inachaguliwa kwa kubahatisha. Lakini ndani ya kibamba hakuna kinachobahatishwa. Kinachosemwa ni kwamba mashine inaweza kuiendea seli yoyote moja kwa moja, bila kupitia zilizotangulia kama kwenye kanda. Msomaji wa kawaida akikutana na jina hilo ataelewa kwamba mashine inacheza kamari na kazi zake.

Orodha nyingine inasema "kumbukumbu tete". Mwenye hoja hii ni mtu ninayemheshimu, na tumeshabishana ana kwa ana, akanieleza kwamba mimi si mwanaisimu. Sawa. Lakini tete, kwa mtu anayesikiliza taarifa ya habari, ni hali ya usalama inayoweza kuharibika wakati wowote. Mwanafunzi akiambiwa kifaa ni tete ataogopa kukigusa. Ukweli ni kinyume. Kibamba hicho hakina kinachozunguka ndani yake. Kilicho tete ni ile diski ya sahani zinazozunguka, ambayo ukiidondosha sakafuni ikiwa inafanya kazi huenda usiione tena data yako.

Mafundi wenyewe wanasema ramu, na siwalaumu, wanataka kazi iende. Ila ramu katika Kiswahili ni pombe ya miwa tangu zamani, na kwa anayeanza, herufi tatu, RAM, zilizogeuzwa neno hazimwelezi chochote.

Neno langu ni kishikizi.

Mzizi ni shika, nao una ukoo mpana: shikia, shikilia, shikana, shikamana, shikiza. Tazama shikia. Stendi ya Igumbilo abiria humwambia jirani yake, "Nishikie huu mzigo nikanunue maji." Hakuna Mswahili anayeelewa hapo kwamba mzigo umetolewa au umewekwa. Anayekushikia hakuwekei, akishuka Mafinga, mzigo unaubeba mwenyewe. Tofauti kati ya kushikia na kuwekea ndiyo tofauti kati ya kibamba na diski, na lugha yetu ilikuwa nayo kabla umeme haujafika Iringa. Shikiza huongeza wazo la kukifanya kitu kikae mahali kwa muda, kama fundi cherehani anavyoshikiza kitambaa kwa pini kabla ya kukipitisha kwenye mashine. Tia kiambishi cha kifaa mbele na irabu ya mtendaji nyuma, unapata kishikizi, kwa njia ile ile iliyotupa kipokezi. Wingi wake vishikizi, na upatanisho wake hausumbui ulimi: kishikizi kimejaa, vishikizi viwili vimelegea.

Wala si mzizi wa kufukuliwa kaburini. Nchi nzima inaujua kupitia shule shikizi, yale madarasa yanayojengwa karibu na kaya zilizo mbali ili watoto wadogo wasitembee umbali mrefu. Fedha za UVIKO-19 zilipotolewa mwaka 2021 na kujengwa madarasa 15,000, 3,000 kati ya hayo yalikuwa ya vituo shikizi, na neno likatamkwa katika kila mkutano wa kijiji.

Hapa ndipo mpinzani wangu huona amenishika. Anasema shule shikizi ni tawi la shule mama, kwa hiyo kishikizi kingefaa kuwa jina la flashi au diski ya nje. Hoja ina uzito, na nimeifikiria. Lakini aangalie mtoto anafanya nini pale. Hamalizi shule hapo. Anashikiliwa karibu mpaka aweze kwenda shule mama, na nafasi yake inachukuliwa na mwingine. Faili nalo hutoka diskini, hushikiliwa karibu na kichakato linapotumika, kisha hurudi, na nafasi huchukuliwa na jingine. Flashi haifanyi hivyo. Flashi inatunza.

Istilahi njema zimewahi kutungwa kwa namna hii. Aliyeiita laptopu kompyuta mpakato alikwenda kwenye kupakata, akamkuta mama na mtoto mapajani, akamaliza. Leo magazeti yanaandika mpakato bila maelezo. Hakuhitaji jopo lenye shukrani ukurasa wa mbele.

Matumizi ni mepesi. Mashine ikiwa nzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame ni kipi kimejaa. Kikiwa kishikizi, funga programu usizozitumia au ongeza kishikizi. Cha DDR3 hakiingii kwenye tundu la DDR4, pengo lake limekaa pengine, usilazimishe. Ikiwa ni diski iliyojaa, hamishia mafaili kwenye diski ya nje kabla ya kufuta chochote. Mashine ikiwaka ikapiga milio bila picha, mara nyingi kishikizi kimelegea au kimeshika uchafu, na vumbi la malori ya barabara kuu tunalijua: zima, chomoa chaja na betri, kitoe, pitisha ufutio wa penseli taratibu kwenye miguu yake ya rangi ya dhahabu, kirudishe mpaka vibanio vyote viwili vibane.

Nawaomba walimu wa TEHAMA waliandike neno hili ubaoni, na wenye steshenari wamdai mfasiri jina lake kabla ya kutoa nakala. Mwenye neno lililo bora kuliko kishikizi alilete tulipime hadharani, lakini kumbukumbu tuwaachie waliofiwa, makatibu wa vikao na picha za harusi.