Kutoka Paris hadi Makerere: Historia ya Tiba ya Mtoto Asiyesema

Mwaka 1800, kusini mwa Ufaransa, alitokea mvulana wa miaka kumi na kitu aliyekuwa akiishi peke yake msituni. Hakusema neno. Alipofikishwa Paris, Philippe Pinel, tabibu mkubwa wa zama hizo, alimwona hana akili na hafundishiki. Daktari kijana wa taasisi ya viziwi, Jean Itard, alikataa hukumu hiyo. Alimwita Victor, akaanza kumfundisha, huku Bi Guérin akimlisha, akimwogesha na kumtembeza.

Itard alitaka sauti. Siku moja mtoto alimiminiwa maziwa, akatamka neno la Kifaransa la maziwa, lait. Itard alifurahi, kisha akavunjika moyo, kwa kuwa neno lilikuja baada ya maziwa kupatikana; halikuwa la kuomba. Lakini alikuwa akimfundisha pia kupanga herufi. Siku nyingine, Victor alipokuwa akitoka kwenda nyumba aliyozoea kupewa maziwa, alichukua herufi nne bila kuambiwa na mtu, akazitia mfukoni, na alipofika akazipanga mezani: L, A, I, T.

Kwangu mimi, historia yote ya tiba hii imo katika mfuko ule. Mtoto aliyedhaniwa hafundishiki alijua anachotaka, akajua nani wa kumwomba, akatafuta njia. Itard aliendelea kuisaka sauti kwa miaka kadhaa. Ilipokosekana, aliacha kumfundisha, na Victor akabaki mikononi mwa Bi Guérin hadi alipofariki mwaka 1828.

Mwanafunzi wa Itard, Édouard Séguin, aliichukua kazi hiyo na kuivusha hadi Marekani. Maandishi ya wote wawili yalimfikia Maria Montessori, ambaye mwaka 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini huko Roma. Humo watoto walifunga vifungo, walimimina maji, walifagia. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo wa leo akiingia mle angejiona yuko kazini kwake, maana kazi ya mtoto ni kucheza, kula na kuvaa, na ndiyo anayoitibu.

Taaluma zenyewe zilipata vyama vyao baadaye. Chama cha kwanza cha tiba kwa vitendo kiliundwa Clifton Springs, New York, mwaka 1917, na Vita vya Kwanza vya Dunia vikaipa taaluma hiyo askari majeruhi wengi wa kuhudumia. Waliotibu matamshi waliungana Marekani mwaka 1925, na chuo chao cha Uingereza kikaja 1945.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Karel na Berta Bobath, wakimbizi kutoka Ujerumani ya Hitler, waliwashughulikia London watoto wenye mtindio wa ubongo. Waliamini kwamba mikono ya mtaalamu ingeweza kuusahihisha mwendo wa mwili. Ushahidi wa sasa umeelekea kwingine: mtoto huendelea zaidi anapolifanya mwenyewe, na kulirudia, jambo analolitaka hasa. Toronto, mwaka 1971, Shirley McNaughton na wenzake waliwapa watoto wasioweza kutamka ubao wa alama zilizobuniwa na Charles Bliss. Mtoto aliyekuwa kimya miaka yote aliweza kuuliza swali kwa kuelekeza kidole au jicho. Ni herufi za Victor, safari hii zikikubaliwa kuwa ni usemi.

Afrika Mashariki, hospitali ya KCMC mjini Moshi na chuo cha mafunzo ya tiba cha Nairobi vimewatoa wataalamu wa tiba kwa vitendo kwa miaka mingi. Tiba ya matamshi ilichelewa: Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianzisha shahada yake mwaka 2008, ya kwanza katika ukanda huu. Kutoka Zimbabwe nako ulienea ufundi wa Bevill Packer, wa kutengeneza viti kwa maboksi na karatasi kuukuu zilizogandishwa kwa uji wa unga. Kiti kama hicho kikipata meza mbele na pa kukanyagia, mtoto asiyeshika shingo hukaa wima. Kichwa kikiinama mbele kidogo, uji anaolishwa hushuka salama. Kikilala nyuma, humpalia na unaweza kuingia mapafuni. Mama akionyeshwa hilo asubuhi, mchana analifanya mwenyewe.

Kinachotukwamisha bado ni vipimo vya lugha ya mtoto. Vile vya Kiingereza huhesabu mtoto ameunganisha maneno mangapi, ilhali kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba sentensi nzima. Mtoto anayesema “sitaki” ameshaunganisha mengi. Kilifi, watafiti wameandaa orodha za maneno ya Kiswahili na Kigiriama za kuwauliza wazazi watoto wao wanaelewa na kusema nini. Kisukuma, Kihaya na Kiluguru vinahitaji orodha zao, nazo zitaandikwa vyema na wanaozungumza lugha hizo majumbani, wakikaa meza moja na wahitimu wa Makerere.