Usalama wa Dawa za Maumivu Zisizohitaji Cheti: Parasetamoli nchini Uingereza, 1956–1998

Makala haya yanachunguza namna usalama wa dawa za kutuliza maumivu zinazouzwa bila cheti cha daktari ulivyoeleweka nchini Uingereza. Hoja ya msingi ni kwamba usalama huo si sifa ya kidonge pekee. Ulijengwa kwa kanuni za matumizi, na kanuni hizo aghalabu zilifuata madhara badala ya kuyatangulia.

Aspirini iliingia sokoni mwaka 1899 kupitia kampuni ya Bayer ya Ujerumani. Utendaji wake ulifafanuliwa na John Vane mwaka 1971: huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochangia maumivu na uvimbe. Kwa kuwa kemikali hizohizo hulinda ukuta wa tumbo, nafuu na vidonda vya tumbo vina chanzo kimoja. Ibuprofeni, iliyoruhusiwa kuuzwa bila cheti nchini Uingereza mwaka 1983, hufuata njia hiyo pia. Ndiyo maana kuzitumia mbili hizo pamoja kutuliza maumivu huongeza hatari ya tumbo kuvuja damu.

Parasetamoli ilikuja na sifa tofauti. Mwaka 1948, Brodie na Axelrod walionyesha nchini Marekani kuwa ndiyo hasa iliyoleta nafuu kwa watumiaji wa dawa ya zamani, asetanilidi. Mwaka 1956 ilianza kuuzwa Uingereza kwa jina la Panadol. Kwa kuwa haikudhuru tumbo kama aspirini, ilisifiwa kuwa dawa ya upole. Hata hivyo, mwaka 1966 madaktari waliripoti wagonjwa walioharibika ini baada ya kuimeza kupita kiasi. Ini hugeuza sehemu ndogo ya parasetamoli kuwa sumu na kuidhibiti kwa glutathioni. Dozi inapozidi mno, kinga hiyo huisha. Zaidi ya hayo, dalili za awali huwa hafifu, hivyo mgonjwa hudhani amenusurika ilhali ini linaendelea kufa.

Mwaka 1998 serikali ilipunguza ukubwa wa pakiti: vidonge 16 katika maduka ya kawaida na 32 katika famasi. Dawa haikubadilishwa, kilichobadilishwa ni kiasi kinachoweza kuwa karibu na mtu aliyekata tamaa. Tafiti zilizofuata zilihusisha hatua hiyo na kupungua kwa vifo, ingawa watafiti walitofautiana kuhusu ukubwa wa mchango wake.

Kwa hiyo, kuuliza ni dawa ipi iliyo salama zaidi hakutoshi. Inafaa kuuliza ni salama kwa nani, kwa kiasi gani, na pamoja na dawa ipi. Kwa mtu mzima, kikomo cha kawaida cha parasetamoli ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na hesabu hiyo hujumuisha parasetamoli iliyomo katika dawa za mafua.

Historia hii ina funzo kwa Afrika Mashariki pia, ambako wengi huita parasetamoli yoyote Panadol. Uingereza iliitumia pakiti kama chombo cha kinga. Pale ambapo vidonge viwili vitatu hukatwa na kuuzwa dukani bila pakiti wala maelezo, mnunuzi hupata kiasi kidogo lakini hukosa onyo. Udhibiti unaotazama idadi ya vidonge pekee, bila kumfikishia mtumiaji maelezo, utakuwa umefanya nusu ya kazi.