Damu Iliyovilia

Kiswahili kina neno lake mahsusi kwa damu iliyokwama chini ya ngozi baada ya pigo: husemwa imevilia, na alama yake ni vilio. Asili yake ni kuvia, neno lile lile la mche uliodumaa. Aliyelitamka mwanzo alikwisha kuueleza ugonjwa: damu imesimama mahali pasipo pake. Na kilichosimama sharti kichochewe kiende.

Ndiyo hoja ya mkono unaokanda. Kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la zao hilo. Na penye mikarafuu mirefu, kuanguka si jambo geni. Aliyeumia hukandwa kwa kitambaa cha maji ya moto na chumvi, akachuliwa kwa mafuta ya nazi na manjano, pengine akapigwa chuku. Mkono huo haukubuni peke yake. Tiba ya Jalinus, iliyofasiriwa kwa Kiarabu na Hunayn ibn Ishaq, aliyefariki 873, kisha ikapangwa na Ibn Sina katika Kanuni yake ya mwaka 1025, iliyapima maradhi yote kwa moto na baridi, ukavu na unyevu. Mzee wa pwani anayelalamikia baridi yabisi anaitaja tiba hiyo, ajue asijue.

Wazee wa pwani hawakuwa na barafu; ingetoka wapi? Tabibu wa leo huanza nayo: siku mbili za mwanzo, barafu iliyofungwa kitambaani, kwa muda mfupi mfupi, kiungo kikiinuliwa na kupumzishwa. Moto hupanua mishipa, na mshipa uliopasuka huzidi kuvuja. Kuchua nako huutonesha. Baada ya hapo maji ya uvuguvugu hufaa. Basi wazee hawakukosea dawa, waliiwahisha tu. Vilio lenyewe hugeuka zambarau, kijani, kisha manjano, mwili ukiivunja damu ile hata ikatoweka, aghalabu kwa wiki mbili. Yamkini manjano ya jikoni yamesifiwa mara nyingi kwa rangi isiyokuwa yake.

Kinga ni kamba madhubuti kwa mchumaji, na taa ukumbini kwa bibi anayeamka usiku. Ama vilio linalozuka pasipo pigo, au tumbo linalokazana baada ya mtu kuanguka, hilo halikandwi. Hupelekwa hospitali kabla maji hayajachemka.