Gereji, Jiko na Mlango Uliofungwa

Mwaka nilioacha chuo kikuu bila cheti, nilikuwa na hadithi moja tu ya kujitetea: gereji. Mama akiuliza nitakula nini, namweleza habari za William Hewlett na David Packard, walioanza kampuni yao kwenye gereji ya nyumba ya kukodi huko Palo Alto, California, mwaka 1938, wakiwa na mtaji wa dola 538. Akizidi kuuliza, namtolea Steve Jobs, aliyeacha chuo kama mimi. Mama alinisikiza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na hiyo gereji, wewe unayo?"

Sikuwa nayo. Mjomba wangu wa Limuru ndiye aliyekuwa nayo: banda la mabati kando ya nyumba, gari lenyewe liliuzwa zamani. Humo alikuwa akiunda viti na meza. Aliniachia kona moja nirekebishe redio na spika za watu.

Ilikuwa Julai. Kama hujawahi kukaa Limuru mwezi wa Julai, hebu nikuambie: mabati yanatoka jasho kwa ndani, ukungu unapita chini ya mlango, na bisibisi ukiishika ni kama imetoka kwenye friji. Gundi ya mbao ilikataa kushika. Vidole vyangu navyo vilikataa kulehemu. Basi tukafanya kile ambacho kila mtu huko anafanya. Tukawasha jiko la makaa nje, tukangoja moshi uishe, tukaliingiza ndani, tukafunga mlango.

Baada ya saa moja hivi kichwa kilianza kunigonga. Mjomba alikuwa akirudia sentensi moja kuhusu mguu wa kiti, kisha akanyamaza, akalaza kichwa juu ya meza. Nilimwona, na sikujali. Hicho ndicho kinachonitisha hadi leo. Anti alipoleta chai ya saa nne ndiye aliyefungua mlango. Alimkokota mjomba hadi kwenye nyasi, akarudi kunifuata mimi.

Tulipona. Lakini zile hadithi za gereji nilizirudia upya, nikitafuta jambo moja ambalo hazikuwahi kuniambia: hao watu walikuwa wanaota moto wapi?

Jibu la California linakera kidogo. Baridi ya Palo Alto ni ya sweta tu, si baridi ya kuua. Mahali ambapo gereji imegeuzwa karibu kuwa hekalu ni mahali ambapo unaweza kufanya kazi mlango ukiwa wazi Januari. Na hata hapo, joto lilipohitajika kazini lilitoka ndani ya nyumba. Paneli za vifaa vyao walizipaka rangi, kisha wakaikausha rangi hiyo kwenye oveni ya jikoni. Mwenye jiko hilo alikuwa Lucile, mkewe Packard, ambaye pia alikuwa ameajiriwa na mshahara wake ukisaidia kuendesha nyumba.

Nenda Detroit, kwenye baridi ya kweli. Usiku wa tarehe 24 Desemba 1893, Henry Ford alijaribu injini yake ya kwanza ya petroli. Hakuijaribu kwenye karakana. Aliifunga kwenye sinki la jikoni, Clara mkewe akidondosha petroli kwa mkono, huku mtoto wao Edsel akiwa na wiki chache tu tangu azaliwe. Injini ya petroli, jikoni, Desemba! Gari lenyewe lilikamilika Juni 1896 katika kibanda cha matofali nyuma ya nyumba. Kila mtu anakumbuka kwamba mlango ulikuwa mdogo, ikabidi Ford abomoe ukuta kwa shoka ili gari litoke. Wachache wanakumbuka kibanda kile kilikuwa cha kuhifadhia nini: makaa ya mawe na kuni.

Lakini anayelijua banda la baridi kuliko wote ni Marie Curie. Yeye na mumewe Pierre waligundua radiamu mwaka 1898, kisha miaka iliyofuata wakahangaika kuitenga kutoka kwa madini katika banda la shule moja mjini Paris. Zamani wanafunzi wa udaktari walipasulia maiti humo. Paa la vioo lilivuja mvua ikinyesha. Kiangazi lilikuwa tanuri. Wakati wa baridi kulikuwa na stovu moja ya chuma, na ukisogea hatua chache tu unaganda. Hata katika chumba cha kazi alichotumia kabla ya banda hilo, siku moja Marie aliandika kwenye daftari lake kwamba joto ni digrii 6 na kidogo, akaweka alama kumi za mshangao.

Sasa angalia. Kemikali zao zilitoa gesi mbaya, na banda halikuwa na bomba la kuitoa. Kwa hiyo kazi nzito waliifanyia uani. Mvua ikija waliingia ndani na kuacha madirisha wazi. Stovu inawaka, madirisha wazi! Ukipita ungesema hawa watu wanachezea makaa. Kumbe walikuwa wameshachagua: afadhali baridi kuliko hewa mbaya. Ubaya ni kwamba sumu yao nyingine, ile mionzi, haikutoka kwa dirisha, na Marie alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa nayo.

Sumu yetu sisi ni ya zamani zaidi. Makaa yakiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hiyo gesi hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili unakosa pumzi huku unavuta hewa kama kawaida. Miaka ya 1890 huko Uingereza, mwanasayansi John Scott Haldane aliivuta mwenyewe ili aandike inavyomwathiri. Ndiye aliyependekeza wachimba migodi wabebe wanyama wadogo, maana huzidiwa kabla ya mtu. Ndege waliendelea kutumika katika migodi ya Uingereza hadi 1986.

Sisi tulikuwa na methali tu: palipo na moshi pana moto. Kwa makaa, methali hiyo haitusaidii kitu, maana hatari inabaki moshi ukiisha. Jiko tulilotumia ni lile la kiuno chembamba lenye udongo ndani, lililoanza kuundwa na mafundi wa jua kali mapema miaka ya 1980. Ni kazi ya akili sana. Linatunza joto, linaokoa makaa, linaokoa mfuko. Lakini halina bomba. Liliundwa kwa ajili ya sufuria na mahali penye hewa, si kwa ajili ya banda la mabati lililofungwa.

Mjomba sasa amekata upenyo chini ya paa na mwingine karibu na sakafu. Jiko linabaki nje. Chupa ya gundi anaitia kwenye maji moto, na kazi ya kuunganisha anaingojea jua la saa sita. Mimi nalehemu nikiwa na koti, mlango wazi, nikitetemeka kidogo.

Ile hadithi ya gereji bado naipenda. Ila siku hizi mtu akinisimulia ya kwake, nauliza ni nani alikuwa ndani ya nyumba, na ni nani alileta chai.