Usomaji Wakati wa Uhaba

Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka wa 1902, Handeni haikuipata. Lilipoanza Mambo Leo mwaka wa 1923, lilitoka mara moja kwa mwezi. Gazeti lililo adimu husomwa hata tangazo lake la mwisho, husomwa kwa sauti ili asiyejua herufi naye asikie, kisha hurudiwa. Makini ile ilizaliwa na uhaba, wala haikuwa tabia njema ya wazee kama wengi wadaivyo. Mwaka wa 2009 mkongo wa SEACOM, uliopitishwa chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam. Baadaye simu za mkononi zikamwaga maandishi hadi Handeni. Huenda kijana wa huko husoma maneno mengi kuliko babu yake. Asichofanya ni kuurudia ukurasa aliokwisha kuusoma.